Maswali Kabla ya Mashine

Kabla mgonjwa wa njia ya mkojo hajapanda kitanda cha CT scan, huulizwa maswali. Una kisukari? Unatumia metformini? Umewahi kuchomwa dawa mshipani ukavimba uso au ukabanwa na pumzi? Mama, siku zako uliziona lini mara ya mwisho? Wiki hii umekunywa mitishamba yoyote? Majibu ya damu ya kupima figo unayo? Mara nyingi maswali haya huulizwa dirishani, foleni ikiwa nyuma, na wengi wetu huyajibu kama tunavyomjibu karani wa sensa: kwa ufupi, ili yaishe tuendelee. Mimi naamini kwamba pale dirishani ndipo nusu ya kipimo inapofanyika. Mashine huona umbo la figo na kibofu. Maisha yaliyoviumba vile hayaonekani kwenye picha yoyote. Mgonjwa huyaleta kwa kinywa chake mwenyewe, au hayamfikii daktari kabisa.

Jambo hili lina uzito kila mahali, lakini nalifikiria nikiutazama ukanda wetu: kutoka Shinyanga mjini, kupitia Kahama na Msalala, hadi Geita, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na Katoro. Ni nchi ya mbuga za udongo mweusi, ng'ombe, mpunga, pamba na dhahabu. Mtu aliyezaliwa huku akafikisha miaka hamsini amepitia maji ya kila namna. Kuna maji ya lambo alimonyweshea mifugo na kuogelea, maji ya jaruba alimosimama akipandikiza mpunga, na maji ya mwalo alimooshea mchanga wa dhahabu. Kuna pia siku nyingi za kukosa maji kabisa. Akilala chali mbele ya mashine, yote hayo amelala nayo.

Tuanze na lambo. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo ambao daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliugundua Cairo mwaka 1851 akichunguza maiti. Kandokando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo; ukiingia bara, upande wa Shinyanga, unakutana na cha mkojo. Konokono wanaokibeba, wa jamii ya Bulinus, hustawi katika malambo na madimbwi ya msimu, na baadhi yao hujificha kwenye tope likikauka wakingoja mvua. Viluwiluwi vya mnyoo hutoka kwa konokono na kumwingia mtu kupitia ngozi kwa dakika chache tu, naye pengine asihisi zaidi ya mwasho mdogo. Minyoo ikikomaa, jike na dume huishi wameshikamana katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na jike hutaga kwa miaka. Kila yai lina mwiba nchani. Mayai hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, na hapo ndipo inapotoka ile damu ya mwishoni mwa haja ndogo. Yanayoshindwa kutoka hubaki ukutani, hufa, na hugeuka chokaa.

Chokaa hiyo haiozi. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alichunguza figo za maiti za Misri ya kale, za takriban miaka 3,000, akakuta mayai ya kichocho yakiwa bado humo. Mashine ya leo huiona chokaa hiyohiyo katika mtu aliye hai: mstari mweupe unaozunguka kibofu, mrija uliobanwa ukashindwa kuteremsha mkojo, figo iliyovimba kwa mkojo uliozuiwa njiani, na wakati mwingine uvimbe. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka mnyoo huu katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika ni ya kibofu. Mvulana aliyecheza lamboni akiwa na miaka minane anaweza kuipata akiwa mtu mzima, baada ya kulisahau lambo lenyewe.

Lakini anayesoma picha hiyo anahitaji zaidi ya macho. Kifua kikuu nacho huingia kwenye figo, hubana mirija na huacha chokaa, na huku kwenye migodi, ambako vumbi la mwamba huchosha mapafu, kifua kikuu si mgeni. Ukuta wa kibofu ulionenepa una sababu nyingi. Mara nyingi kinachomsaidia daktari kutenganisha sababu moja na nyingine ni majibu ya maswali madogo. Baba, utotoni mlikuwa mnaogelea wapi? Ulipokojoa damu, kuna dawa ulipewa? Uliwahi kukohoa kwa muda mrefu? Ulichimba wapi, na kwa miaka mingapi? Majibu hayo yakiandikwa kwenye karatasi ya kuombea kipimo, picha husomwa kwa jicho jingine.

Majibu hayo hayatoki kirahisi. Katika sehemu nyingi za Afrika ambako kichocho kimezoeleka, mvulana kukojoa damu kumehesabiwa kuwa hatua ya kukua, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mama. Kwa mwanamke kusema ni kugumu zaidi. Mayai yaleyale hukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni, huleta maumivu, damu na uchafu, na dalili hizo hudhaniwa kuwa za ugonjwa wa zinaa. Mwanamke aliyechota maji lamboni tangu akiwa binti hubebeshwa tuhuma ndani ya ndoa yake kwa ugonjwa alioupata akiitafutia nyumba maji. Akifika dirishani, mume au mkwe akiwa pembeni, akaulizwa habari za mkojo na siku zake kwa sauti inayosikika foleni nzima, atajibu hapana kwa kila swali. Simlaumu hata kidogo. Mtu anayeulizwa mambo ya siri anastahili chumba chenye mlango unaofungwa, na muuguzi anayeanza kwa salamu. Mlango huo ni sehemu ya vifaa vya kipimo, kama ilivyo sindano.

Upande wa migodini ukimya una sura nyingine. Kijana hutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akiwa amekauka kwa jasho. Maji ya kunywa ni ya kununua, naye hunywa kiu inapomshinda. Mkojo ukiwa mchache na mzito, chumvi zilizomo huganda na kuwa mawe. Mgongo ukiuma, humeza diklofenaki ya duka la dawa, leo kidonge kimoja, kesho viwili, na dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo na mtu asiyekunywa maji huumiza figo. Halafu kuna zebaki. Jiwe likishasagwa kwenye karasha na mchanga wake ukaoshwa mwaloni, dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha donge huchomwa ili zebaki iondoke kwa mvuke. Mvuke huo huvutwa na anayechoma, na kama anachomea nyumbani, huvutwa pia na mke na watoto. Miongoni mwa viungo inavyoviharibu ni figo. Tanzania imeuridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaozitaka nchi kupunguza na kukomesha matumizi hayo pale inapowezekana, lakini zebaki bado iko mikononi mwa wachimbaji wadogo wengi, kwa sababu ndiyo njia wanayoimudu.

CT scan haiioni zebaki. Picha inaweza kutoka safi kabisa, mawe hakuna, uvimbe hakuna, na bado figo zikawa zinaumia. Kinachoweza kuifichua ni kipimo maalumu cha mkojo wenyewe, na daktari hana sababu ya kukifikiria ikiwa mgonjwa aliyejiandikisha kuwa mkulima amenyamaza kuhusu miaka ya kuchoma dhahabu. Wapo wanaonyamaza kwa sababu eneo walilochimba halikuwa na leseni, na wanaogopa kwamba hospitali na serikali ni kitu kimoja. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwakaripia. Huondolewa na daktari anayesema wazi kwamba anauliza kazi kwa ajili ya figo, na kwamba siri ya mgonjwa haitoki chumbani.

Kisha huja agizo la kunywa maji. Taratibu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini mara nyingi mgonjwa hutakiwa kunywa maji mengi, kama lita moja, katika saa inayotangulia kipimo, na baadhi ya hospitali humwambia abane mkojo mpaka atakapoelekezwa. Maji huzisaidia figo kusukuma dawa inayochomwa mshipani wakati wa kipimo na kuijaza mirija ili ionekane vizuri. Kwa mtu wa huku, agizo hilo linagusa historia ndefu. Shinyanga iliishi na kiu hadi bomba kutoka Ziwa Victoria, linaloanzia Ihelele wilayani Misungwi, lilipozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2009. Tunapolisifu bomba hilo tunataja kiu na kipindupindu; tutaje na kibofu. Kila mtoto anayeoga kwa maji ya bomba badala ya kwenda lamboni amepunguziwa hatari ambayo hakuna mashine itakayomwondolea baadaye. Na kwa kuwa bomba halijafika kila kijiji, hesabu hiyo bado haijafungwa.

Agizo la maji hukutana pia na safari. Wanaosafiri kwa basi wanajua: mwanamke hujizuia kunywa tangu alfajiri, kwa sababu basi likisimama abiria wachimbe dawa, kichaka kinachomtosha mwanamume hakimsitiri yeye. Mgonjwa wa Geita aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa miaka mingi aliongezewa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025 limefuta kungoja huko, lakini wapo wanaoendelea kufika hospitali wakiwa wamekauka, siku ambayo figo zao zinahitaji maji kuliko siku nyingine yoyote. Anayeandika rufaa angeweza kusaidia kwa maneno machache: kunywa maji tangu jana yake, beba chupa yako, na kama umewahi kukatazwa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo, sema kabla hujaanza kunywa.

Damu hupimwa kabla kwa sababu ya dawa inayochomwa mshipani, ile ya kontrasti yenye madini joto ndani yake. Dawa hiyo huchujwa na figo. Ndivyo inavyoonyesha njia nzima, kutoka figo hadi kibofu. Kipimo cha kreatinini humwambia daktari kama figo zina nguvu ya kuichuja. Zikiwa dhaifu sana, anaweza kuahirisha au kuchagua kipimo kingine, na mwenye kisukari anaweza kuelekezwa kuacha metformini kwa saa 48. Asijiachishe mwenyewe kwa kusikia habari za jirani, kwa sababu sukari inayopanda ovyo nayo ina madhara yake. Suala la kufunga pia si moja kila mahali: wapo wanaotaka mgonjwa asile kwa saa chache, wapo walioacha sharti hilo. Aulize huko anakokwenda kupimwa.

Swali la mitishamba linahitaji upole wa pekee. Usukumani mganga ni mtu wa heshima, na familia nyingi humwendea kabla ya zahanati au baada yake. Mgonjwa huificha dawa ya mganga akiwa hospitali, na huificha dawa ya hospitali akiwa kwa mganga, huku figo zake zikizichuja zote mbili. Baadhi ya mizizi na majani huumiza figo, hasa ikinywewa kwa wingi. Kuitaja mbele ya daktari si kumsaliti mganga wala mila. Vivyo hivyo mtu akiombwa kuvua mkanda, bangili au hirizi yenye chuma, aombwe kwa adabu na apewe mahali salama pa kuiweka, kwa kuwa anachovua pengine ndicho kilichompa ujasiri wa kufika.

Ndani ya chumba, ukweli hudaiwa upande wa pili. Mashine hupiga mzunguko wa kwanza bila dawa, na hapo mawe hujitokeza meupe. Dawa ikiingia kupitia kanula, joto hupanda kifuani na kooni, ladha ya chuma huja mdomoni, kisha joto hushuka nyongani mpaka mtu akaamini kwamba amejikojolea. Hajajikojolea. Lakini mzee asiyeambiwa mapema hushtuka, hujiinua, hujishika kwa fedheha, na picha huharibika pamoja na heshima yake. Aliyeambiwa, mzee wangu, utasikia joto kama umejikojolea, ni dawa tu na litapita, hutulia na kushika pumzi anapoagizwa. Hufuata mzunguko mwingine dawa ikiwa ndani ya figo, kisha, baada ya dakika kumi hivi au zaidi, picha za mwisho dawa ikiwa imejaa kwenye mirija na kibofu. Nimekaa na ndugu wanaosubiri nje ya vyumba hivi, na nimeona tofauti ya nyuso za wanaotoka. Aliyeelezwa hutoka akiomba maji ya kunywa, kama inavyopasa. Asiyeelezwa hutoka akikagua nguo zake.

Mashine hii ina mzizi barani mwetu, na mzizi huo nao ulikuwa swali. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kufanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Aliona matibabu ya mionzi yakipangwa kana kwamba mwili ni kitu cha aina moja tu, ilhali mfupa, pafu na nyama kila kimoja huzuia mionzi kwa kiasi chake. Akajiuliza: je, yaliyo ndani yanaweza kujulikana kwa kupima kutoka nje, katika mistari mingi, kutoka pande nyingi? Hesabu zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Godfrey Hounsfield, Mwingereza, alifika kwenye wazo hilo kwa njia yake, na mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London Oktoba 1971, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipoifungua hospitali ya Bugando. Mwaka 1979 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Huku kwetu mashine zilikawia. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotangazwa Oktoba 2021 ulijumuisha ununuzi wa mashine 29 za CT scan, na tangu hapo hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kutoa kipimo kilichokuwa cha miji mikubwa.

Alichokithibitisha Cormack ni kwamba upande mmoja hautoshi. Mionzi inayopita katika mstari mmoja haisemi imekutana na nini njiani. Ukweli huonekana mistari mingi inapokutana. Mimi nayachukulia maelezo ya mgonjwa kuwa mstari mmojawapo. Yakikosekana, picha inabaki pungufu hata mashine ikiwa mpya kiasi gani.

Kwa sababu hiyo hiyo mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Kwa nini nipimwe hiki? Mkojo wangu umeshapimwa? Ultrasaundi imefanyika? CT scan ya njia ya mkojo, kwa mizunguko yake, hutumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, na kwa familia nyingi gharama yake hutoka zizini. Mayai ya kichocho hutafutwa kwa hadubini kwenye mkojo, vizuri zaidi ukitolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Ultrasaundi, isiyo na mionzi, huonyesha figo iliyovimba na ukuta wa kibofu ulioharibika. CT scan ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni kubwa: damu isiyoelezeka kwa mtu mzima, jiwe lililokwama, uvimbe unaotakiwa kujulikana umefika wapi. Daktari anayejiheshimu hukasirishwa na ukimya kuliko maswali.

Na yapo maswali yasiyopaswa kungoja hospitali ya rufaa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, kwa miaka mingi imegawiwa zaidi shuleni. Kijana aliyeacha shule akaenda machimboni, na mama anayepandikiza mpunga, hawako kwenye mistari ya wanafunzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka dawa hiyo ifike kwa jamii nzima, kuanzia mtoto wa miaka miwili, pale ambapo walioambukizwa ni asilimia 10 au zaidi. Ukanda wetu unastahili mpango wa namna hiyo hadi Rwamgasa na Nyarugusu, na mganga mfawidhi wa kila zahanati anaweza kuanza hata kabla mpango haujamfikia: amuulize kila mgonjwa anaoga wapi, anafanya kazi gani, na mkojo wake una rangi gani. Kijana aliyeona wekundu wiki hii aende wiki hii. Sisi ndugu zake, tulio karibu naye kuliko daktari yeyote, tuna wajibu wa kumsikiliza anapotamka neno damu, bila kumcheka na bila kumtilia shaka, kisha tutafute nauli tumsindikize.